Mche wa Kuchukua: Misafara, Bustani na Milki ya Mimea katika Pwani ya Kalemie

Katika Muwatta ya Imamu Malik bin Anas wa Madina mna kisa cha mtumwa aliyeng'oa mche mchanga wa mtende katika shamba la mtu, akaupanda katika shamba la bwana wake. Mwenye mche akautafuta hata akauona, akapeleka mashitaka kwa Marwan bin al-Hakam aliyekuwa liwali wa mji, na Marwan akamtia mtumwa gerezani akiazimia kumkata mkono. Bwana wa mtumwa alikwenda kwa Rafi bin Khadij, sahaba wa Mtume, akamweleza yaliyotokea, naye Rafi akamjibu kwamba alimsikia Mtume akisema kuwa mkono haukatwi kwa sababu ya tunda wala ya moyo wa mtende. Wakafuatana mpaka kwa liwali, hadithi ikasomwa mbele yake, na mtumwa akafunguliwa. Mkono ulisalimika, lakini kusamehewa mkono hakukuufanya mche kuwa halali, na mimi naona kwamba katika nafasi hiyo nyembamba iliyobaki kati ya kosa lisilo na adhabu kali na jambo lisilo na lawama ndimo inamokaa habari nzima ya watu na miche waichukuayo.

Kisa hiki chafaa kuwekwa mbele ya kila atakaye kusimulia tarikhi ya mimea ya Kalemie, kwani katika mji huu ulio kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, jirani na mahali ambapo mto Lukuga huyatoa maji ya ziwa kuyapeleka mto Kongo, karibu kila kitu chenye mizizi kililetwa na mkono wa mtu. Mwembe asili yake ni Bara Hindi. Mgomba ni Asia ya kusini-mashariki. Muhogo, mpapai na mpera ni Amerika. Mkrismasi, ambao maua yake huziwasha moto barabara za miji yote ya Kongo, ni Madagaska. Katika vile viliwavyo kila siku, mchikichi ndio mzaliwa wa bara hili, hata bukari ya muhogo iliwayo kwa sombe iliyoungwa mawese ni mgeni na mwenyeji waliokutana katika sahani moja. Kila mmoja wa wageni hao ulikatwa, uling'olewa au uliokotwa mahali fulani, pengine kwa idhini na pengine kwa siri, na swali liulizwalo leo juu ya mtu avunjaye tawi la ua katika bustani ya umma akalitia mfukoni ni swali ambalo pwani hii imeishi nalo tangu zamani za misafara.

Kabla ya Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa zamani za Wabelgiji, palikuwa na Mtowa, kaskazini ya mdomo wa Lukuga, ambapo Waarabu na waungwana waliovuka kutoka Ujiji walishusha mizigo yao kabla ya kushika njia ya Maniema. Burton, msafiri wa Kiingereza, alipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, aliikuta michikichi ikistawi kandokando ya ziwa, akaiandika kwa jina lake la Kiswahili. Watu wa misafara waliongeza juu ya hayo vile walivyovizoea pwani: kokwa za maembe, mpunga, vitunguu, ndimu, mapera na makomamanga, hata Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi la Wabelgiji chini ya Dhanis katika kuuteka Kasongo mwaka 1893, aliyastaajabia mashamba na bustani za mji ule. Lakini insafu yatulazimisha kusema pia kwamba mashamba yale yalilimwa na watumwa, na kwamba misafara iliyoleta kokwa za maembe ndiyo iliyorudi pwani na watu waliofungwa minyororo. Mti hauna hatia ya mkono ulioupanda, na kivuli chake hakimbagui mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa, ila mwandishi hana ruhusa ya kukisifu kivuli huku akiinyamazia minyororo.

Pamoja na misafara ilifika sheria, na sheria ya Kiislamu inayo mengi ya kusema juu ya bustani ya watu wote. Mtu akiweka shamba wakfu, milki yake mwenyewe hukoma, na manufaa ya shamba hufuata sharti alilolitamka: akisema matunda ni ya wapita njia, mpita njia hula wala hakosi, akisema ni ya wanafunzi wa chuo, tajiri wa jirani hana hisa hata katika kivuli. Sifa ya kupanda nayo imeenezwa mno katika mafundisho, kwamba apandaye mti, akala kwao mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Ukiyaunganisha mambo haya mawili utaona kwamba kula tunda na kuchukua mche si jambo moja. Alaye tunda hupokea sadaka ya aliyepanda. Achukuaye mche huupokea uwezo wenyewe wa kutoa sadaka, akauhamishia nyumbani kwake, na kwa hiyo yampasa kumjua mwenyewe na kumuuliza. Ndiyo maana, kwa hukumu yangu, yule mtumwa wa Madina alifanya kosa zito kuliko kula tende za mtu, na jepesi kuliko kuiba fedha yake.

Wazungu walipolifikia ziwa walikuwa na utaratibu mwingine, nao ulikuwa wa kukausha, kuandika na kupeleka. Cameron, Mwingereza aliyeizunguka sehemu ya kusini ya ziwa mwaka 1874 akaufikia Lukuga, alikusanya mimea ya pande hizi, nayo ilichambuliwa Kew, bustani kuu ya Waingereza, na orodha yake ikachapishwa London, ambako mmea wa Tanganyika ulipewa jina na wataalamu ambao hawakupata kuliona ziwa. Mwaka 1883 Émile Storms, askari wa Kibelgiji aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold, alijenga ngome Mpala, kusini ya Kalemie ya leo, na mwaka uliofuata watu wake wakamwua Lusinga, mtemi wa Watabwa. Kichwa cha mtemi kilichukuliwa Brussels, na sanamu yake ya mti ipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la Tervuren. Siwezi kuliweka fuvu la mtu na jani lililokaushwa katika mizani moja, wala msomaji asinidhanie hivyo. Nasema tu kwamba vyote viwili vilihesabiwa na wachukuaji kuwa ni mali isiyo na mwenyewe. Storms mwenyewe alitengenezewa sanamu ya shaba, ikasimama katika bustani ya umma mjini Brussels, penye uwanja wa Meeûs, na mwaka 2022 ndipo ilipoondolewa.

Albertville yenyewe ilianzishwa na Kapteni Jacques mwishoni mwa mwaka 1891, katika vita na Rumaliza wa Ujiji, na ilipofikiwa na reli ya Kabalo mwaka 1915 ikawa mlango wa Kongo upande wa ziwa. Wakati huo dola za Ulaya zilikuwa zimekwisha kutandaza bustani zao katika bara: Kisantu, alikolima Bradha Gillet wa Wajesuiti, Entebbe ya Waingereza mwaka 1898, Eala, karibu na Mbandaka ya leo, mwaka 1900, Amani ya Wajerumani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Yatupasa kuelewa vema bustani hizi zilikuwa za nini. Mtu wa leo aionaye bustani ya umma hudhani kwamba iliwekwa kwa ajili ya kutembelea siku ya Jumapili. Zile za zamani ziliwekwa hasa ili mimea itoke humo, ikatwe, ipakiwe katika masanduku ya kioo, isafirishwe na meli, na ipandwe mahali ambapo kazi ya watu ni rahisi na faida ni kubwa. Kuchukua vipandikizi ndiyo iliyokuwa kazi yake, na kilichohitilafiana ni nani aliyeruhusiwa kuchukua.

Mfano uliotukaribia zaidi ni mchikichi. Upande wa pili wa ziwa, Kigoma, ni mashuhuri hadithi isemayo kwamba Wamalaysia walikuja huko, wakachukua mbegu za michikichi, wakatajirika nazo huku wenyewe wakibaki maskini. Hadithi hii ina uchungu wa kweli, ila njia ya mchikichi ilikuwa ndefu na ya ajabu zaidi. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, miwili ikiwa imetoka bustani ya Amsterdam na miwili visiwa vya Bahari ya Hindi, Bourbon au Morisi. Watoto wa miche hiyo walipandwa kandokando ya barabara za Deli, Sumatra, kuwa pambo tu, na kwa muda wa miaka mingi hakuna aliyeyahesabu mafuta yake. Ndipo alipofika Adrien Hallet, Mbelgiji aliyekuwa ameijua Kongo na michikichi yake, akaitazama ile ya barabarani, akatambua kwamba huzaa upesi na kwa wingi kuliko aliyoiacha Afrika, na mwaka 1911 akaanzisha mashamba makubwa ya kwanza. Kwa hiyo jicho lililoutambua utajiri wa Sumatra lilifunzwa Kongo, na huo nao ni mche uliochukuliwa, ijapokuwa forodha hauandikwi.

Haya hayakuwa mwisho wake. Mwaka 1922 mbegu za michikichi kumi ya Eala, yenye kokwa nyembamba na nyama nyingi, zilipandwa Yangambi, na mmoja katika ile kumi, uitwao Djongo, ukawa maarufu; na huko Yangambi, katika kituo cha utafiti cha serikali ya Wabelgiji, Beirnaert na Vanderweyen walithibitisha katika chapisho la mwaka 1941 kwamba ile yenye kokwa nyembamba ni chotara wa mwenye kokwa nene na asiye na kokwa. Juu ya elimu hiyo mashamba ya Asia yaligeuzwa, na leo Indonesia na Malaysia ndizo ziuzazo sehemu kubwa ya mawese ya dunia, nasi tulioko pwani ya ziwa twanunua sokoni mafuta yaliyosafishwa ng'ambo huku michikichi ya babu zetu ikisimama nyuma ya nyumba.

Kahawa ya robusta ilipita njia hiyo hiyo. Émile Laurent, mwalimu wa chuo cha Gembloux, aliichukua katika nchi za Lomami mnamo mwaka 1895. Mfanyabiashara wa mimea wa Brussels akaiotesha, akaitia jina la kuuzia, na mwanzoni mwa karne ya ishirini miche ikapelekwa Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeiangamiza kahawa ya kwanza. Sasa robusta ni karibu mbili ya tano ya kahawa yote ya dunia. Wahaya wa Bukoba, waliokuwa wakiitafuna buni yake na kuchanjiana udugu kwayo tangu kale, hawakuulizwa, na watu wa Lomami vilevile. Pwani ya bahari nayo haina haki ya kujitoa katika hesabu hii: karafuu ya Unguja ni mtoto wa miche ambayo Pierre Poivre aliwatuma watu waitoroshe kutoka Maluku mnamo mwaka 1770, dhidi ya amri ya Waholanzi, na mkonge wa Tanga ni uzao wa miche 62 iliyosalimika katika 1,000 ambayo Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida mwaka 1893. Sultani na mkulima wa Pemba waliineemekea karafuu bila kumuuliza yeyote imetokaje Maluku, na sijasikia kwamba liko kaburi huko lililoombwa radhi.

Katika wakati ule ule ambapo serikali ilikuwa ikipeleka miche ya Kongo popote ipendapo, mkulima wa Kongo alinyimwa hiari hata ya mbegu atakayoitia katika shimo lake mwenyewe. Amri ya mwaka 1917 ilimlazimisha kulima mazao aliyoagizwa, pamba ikiwa mbele, na ile ya mwaka 1921 ikayapa makampuni haki ya kununua pamba katika mipaka yao bila mshindani. Mbegu ilitoka kwao, bei ilitoka kwao, na pamba ilirudi kwao. Baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda cha Filtisaf kilisokota na kufuma nguo Albertville, na wazee wa mji wangali wakilitaja jina lake kwa fahari ya wafanyakazi, kama ulivyo wajibu wa mtu kukumbuka mahali alipopatia mkate. Lakini habari ya mbegu ni hiyo, nami sioni vipi mtu angeweza kumwita mkulima yule mwizi kama angeficha konzi moja ya mbegu za pamba kwa ajili ya shamba la nduguye.

Nimekwisha kusema mengi juu ya mabwana. Sasa niseme juu ya muhogo, ambao ndio mmea unaokatwa na kupeanwa kuliko yote katika nchi hii, na ambao utatufundisha zaidi. Muhogo haupandwi kwa punje. Mama akivuna, huichagua miti iliyokomaa, yenye umri wa miezi kumi au zaidi, huacha ncha laini ya juu na shina kavu la chini, huyafunga mashina ya katikati kwa kamba ya mgomba na kuyasimamisha kivulini. Mvua ikianza huyakata kwa panga mapande ya shibiri moja na zaidi, kila pande likiwa na macho matano au sita, utomvu mweupe ukimchirizika vidoleni, kisha huyachomeka ardhini kwa kuyalaza kidogo, macho yakitazama juu. Mashina yanayobaki huwa ya jirani. Kumnyima mtu miti ya muhogo mwanzo wa masika ni jambo la aibu, na kumwomba hakumpunguzii aombaye heshima yake. Wala hakuna auzaye kwa bei ya kumkomoa mwenziwe, ila siku hizi za vita na uhamaji zimetufunza pia kununua mafungu barabarani kutoka kwa watu tusiowajua.

Na hapo ndipo penye hatari ambayo ruhusa peke yake haiwezi kuizuia. Ugonjwa wa batobato, ulioandikwa mara ya kwanza Usambara mwaka 1894, husafiri ndani ya pingili bila kuonekana. Majani hujikunja na kupata madoa ya manjano baada ya aliyepewa kwisha kumshukuru aliyempa. Mwaka 1973 alionekana upande wa magharibi wa Kongo mdudu mweupe kama unga, mzaliwa wa Amerika ya Kusini, ambaye wataalamu wanakubaliana kwamba aliingia pamoja na vipandikizi vilivyoletwa na mtu fulani, huenda mwenye nia njema kabisa; katika muda wa miaka michache akawa ameeneza njaa katika nchi nyingi za Afrika, mpaka Hans Herren na wenzake walipomtafutia adui wake, nyigu mdogo wa Paraguay, wakaanza kumwachilia mwaka 1981. Kinyume chake, wataalamu wa Amani waliozalisha muhogo wenye kustahimili batobato katika miaka ya 1930 waliipeleka mbegu yake Nigeria, na katika uzao wake ndimo ilimotoka mihogo bora iliyorudi baadaye mpaka mashambani kwetu. Mkono uliopeleka mdudu na mkono uliopeleka dawa ilifanya tendo moja. Tafauti ilikuwa katika kuchunguza, katika kuandika kilichotoka wapi, na katika subira ya kukitenga kilichokuja mpaka kijulikane ni kizima.

Kwa hiyo nikirejea kwa mtu asimamaye leo katika bustani ya umma, iwe ya Kisantu, ya Entebbe au viunga vichache vya maua vilivyobaki mbele ya maofisi ya Kalemie, sitaki kumpigia kelele za mwizi, wala sitamwambia kwamba tawi moja si kitu. Tawi la bogonvilia likatwalo kwa kisu kikali chini ya fundo, baada ya maua kwisha, haliudhuru mti, na pengine huusaidia kutoa machipukizi. Likinyofolewa kwa mkono hupasua gome, maji huingia, na shina huoza. Tena bustani ina wageni mamia, na kila mmoja akijipa ruhusa kwa hoja kwamba yeye ni mmoja tu, mti utabaki gutu. Mtunza bustani yupo. Aghalabu ana matawi aliyoyapogoa asubuhi ile ile, yamelala rundo nyuma ya ghala yakingoja moto, naye akiombwa hutoa kwa furaha na kuongeza maneno juu ya udongo na maji ambayo mwizi hatayasikia kamwe. Haya ya kuomba yangetosha katika mambo mengi. Wale mabwana wakubwa wa Brussels na Amsterdam walikuwa na elimu, meli na vioo, wakakosa hili.

Upo lakini mmea mmoja wa jimbo letu ambao kwao hata tawi halikatwi, kwa kuwa hauna matawi. Katika uwanda wa juu wa Marungu, kusini ya Kalemie, huota mmea wa jamaa ya mtapo wa pwani, wenye shina fupi na majani makavu kama ya mtende, uliopewa na wanasayansi jina la Encephalartos marunguensis mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambao duniani hauna kwao kwingine ila milima hii ya Tanganyika na jirani zake. Jenasi yake yote ya Encephalartos imo katika daraja ya kwanza ya mkataba wa mwaka 1973 unaozuia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mapatano ya Nagoya ya mwaka 2010 yanamtaka kila mchukuaji apate idhini ya nchi yenye mmea na kugawana nayo manufaa. Pamoja na hayo yote, jamaa hii huibwa mpaka ndani ya bustani zenye kuta: Kirstenbosch, Afrika ya Kusini, iling'olewa miche zaidi ya 20 ya aina moja iliyo adimu mwaka 2014, kwani wako matajiri walipao fedha nyingi ili wawe na kile asichonacho mwingine. Wao hao huenda hawajui kwamba jamaa hii ina mimea dume na mimea jike. Mwaka 1895 ulionekana katika msitu wa Ngoye, katika nchi ya Wazulu, mmea mmoja dume wa aina nyingine. Miche yake imetapakaa katika bustani za dunia nzima, yote ikiwa ni vipande vya dume yule yule, na jike lake halijaonekana mpaka leo, wala mbegu halisi ya aina ile haijapatikana. Mtu atakayeng'oa chipukizi moja Marungu usiku atapata pambo la ua wake; atakaye mbegu, na miche ya kurudishia mlima utakapoungua au kulimwa, hana budi kupanda huko mchana, na wenyeji wakamwonyesha lilipo dume na lilipo jike.